Miche Niliyoifyeka Mwenyewe

Panga lilikuwa langu. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu hapa Mbagala kila nikiwataja wale wataalamu na kompyuta yao, watu hudhani najitoa. Sijitoi. Nililinoa mwenyewe kwenye jiwe la kufulia la mke wangu mpaka akanigombeza kutwa nzima, nikaenda nalo msituni, nikafyeka ile miche ambayo baadaye ilisemwa imemalizwa na dada yangu. Kwa hiyo hasira yangu ina mafungu mawili, fungu langu na fungu lao. Fungu lao ni kubwa zaidi. Nitaeleza, mhukumu wenyewe.

Dada yangu ni mkubwa wangu, tumenyonya ziwa moja. Mumewe alipofariki alibaki na shamba lao kusini ya Mbagala, pale ambapo barabara ya mchanga ilikuwa inakwisha na msitu wa serikali unaanza. Siutaji msitu jina. Wenyeji wataujua, na asiye mwenyeji jina halitamsaidia kitu. Shambani kulikuwa na mikorosho aliyoipanda marehemu, mihogo katikati, minazi michache upande wa bondeni, na makaburi matatu: la mumewe na ya wanawe wawili waliokufa wachanga. Nyumba ya udongo, vyumba viwili, paa la makuti. Hati hana. Nani alikuwa na hati huko? Baba mkwe wake alilima pale kabla hata ya hao waliokuja kupiga mipaka ya msitu, na alipowaona wanapiga mipaka aliwapa maji ya kunywa.

Mie wakati huo nilikuwa natafuta kazi. Nilifanya miaka kumi na minne kwenye kiwanda cha nguo, mpaka ikaja ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na nani tena atanunua khanga yetu inayochuja ukiitazama tu? Wakatupunguza. Neno lenyewe ndilo hilo, kupunguzwa, utadhani sie ni nywele. Tulipewa barua na blanketi moja moja, blanketi ambalo tulilitengeneza wenyewe na tulikuwa tunajua ubaya wake.

Lakini kiwandani nilijifunza jambo ambalo ndilo lililoniponza, na lazima nilieleze, maana bila hilo hamtaelewa mtu mzima mwenye akili zake alifanyaje kosa kama langu. Kiwandani mgeni mkubwa akija, mahali panaandaliwa. Hatukuwa tunaambiwa mara mbili. Tukisikia tu kuna mgeni, mashine zinaachwa, majani yanafyekwa, mitaro inazibuliwa, mawe ya njiani yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa mpaka kiunoni. Siku moja tulipaka chokaa hata bomba la mvuke, likawa linafuka na kubanduka mbele ya mgeni, naye akasema kiwanda kinapendeza. Nchi nzima ilikuwaga hivyo. Shuleni hivyo, hospitalini hivyo, jeshini hivyo. Wakubwa wa nchi hii wamezunguka miaka yote wakidhani Tanzania ni nchi yenye mawe meupe.

Basi. Miaka ya tisini mwanzoni ukaja mradi wa msitu. Walitangulia watu wenye dira, wakapita mle ndani wakipigilia mambo ya chuma, yaani vigingi, manne manne, kila manne yanafanya kipande cha mraba. Wakaondoka. Ikapita miezi, kisha bwana misitu wa pale akaniita. Bwana misitu huyu tulikuwa tunafahamiana kwa salamu tu. Mtu mnene, msafi, anatembea na kitambaa cha kufutia viatu mfukoni. Akanifanya nyapara wa vibarua wenzangu watatu.

"Mwezi ujao anakuja mtaalamu," akasema. "Amesoma nje huyo, na nyuma yake kuna mzungu. Vile vipande vyote vyenye mambo nataka viwe tayari. Njia ziwe tayari. Sitaki aibu."

Mwambie mtu aliyetoka kiwandani "sitaki aibu" uone atafanya nini.

Tulifyeka, jamani. Tulifyeka msitu ule kama uwanja wa Idi. Kila kipande tulikizungushia kamba, tukaingia na mapanga na mafyekeo, tukaondoa upupu, tukaondoa miiba, tukaondoa mitambaazi, na kila kijiti kisichofika kiunoni tukakilaza. Halafu tukakusanya, tukatupa mbali, tukafagia kwa matawi. Mwenzangu mmoja, mtu mzima anayejua miti kuliko mie, alisimama mbele ya mkongo mdogo, mnyoofu, una majani mapya yanang'aa.

"Nyapara, na huu?"

"Huo una nini?"

"Huu mkongo bwana. Mbao hii. Si tuuache ukue?"

"Mgeni akijikwaa akaangukia pua, utamwambia ulikuwa unakuza mbao?"

Akacheka, akaukata. Wote tukacheka. Mpaka leo nikiikumbuka ile "chwaa" ya panga kwenye kijiti kibichi, natamani kujizaba kofi.

Mtaalamu akaja. Tulitegemea mtu wa kutisha, tukaletewa kijana wa bara, mpole, mwenye buti mpya zinazomuumiza, ambaye alitupa shikamoo vibarua wote wanne kabla hajampa mkono bwana misitu. Tukampenda hapo hapo. Alitufundisha kazi: mti mkubwa unaupima kifuani, unazungusha tepu, unamsomea, anaandika. Ukimaliza mikubwa, unapiga magoti unahesabu midogo, ile miche, maana hiyo ndiyo msitu wa kesho. Hayo ni maneno yake, "msitu wa kesho". Akapiga magoti kwenye kipande cha kwanza. Akatazama. Akapapasa chini, akagusa visiki vidogo vidogo kwa ncha ya kalamu.

"Huku chini kuko wazi hivi siku zote?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini bwana misitu alikuwa amesimama na kitambaa chake mkononi, akawahi.

"Wananchi hao. Kuni, fito, dawa za kienyeji, kila kitu wanabeba. Si unaona mapanga yalivyopita?"

Panga ninalo mkononi, kijana ananitazama usoni, nami nikafunga mdomo. Najitetea kwamba kibarua hajibu swali ambalo hakuulizwa yeye. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kweli iliyobaki ni kwamba nilidhani haidhuru. Nilidhani kazi yao ni kupima miti, na miti si ile pale imesimama? Vijiti vya nini? Kwa hiyo kijana akaandika sifuri. Kipande cha pili, sifuri. Wiki tatu nzima tulizunguka msitu, naye karibu kila mahali anaandika sifuri kwenye safu ya miche, na mie roho inanifurahi kila tukifika mahali nikakuta pamefagiliwa vizuri. Na nje ya kamba, jamani, nje ya kamba hapo hapo, hatua mbili, miche imesongamana mpaka inamchokonoa kijana sikio akiinama! Lakini karatasi yake inasema andika kilichomo ndani ya kamba. Ndani ya kamba kulikuwa na usafi wangu.

Baada ya hapo nikaisahau kazi ile. Nilipata kibarua cha kubeba saruji Tandika, halafu nikauza maji, halafu nikaumwa tumbo, hayo si ya hapa. Mwaka ukapita. Ndipo tukaitwa mkutanoni.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, mchana, madirisha yamezibwa kwa mikeka ili kuwe na giza. Nje jenereta inanguruma. Mbele juu ya meza ya mwalimu kuna kompyuta, kubwa kama sanduku la bibi harusi, na kijana yule mtaalamu yuko pembeni yake anafuta jasho. Nilikaa nyuma na dada yangu. Amevaa khanga mpya, maana aliambiwa kuna wageni.

Kijana alieleza vizuri, sitamsingizia. Alisema, "Msitu wote tumeugawa vyumba vidogo vidogo, kama vigae vya sakafuni. Kila kigae, kompyuta inajua kina miti gani, mikubwa mingapi, midogo mingapi. Tumeifundisha kwamba mti huu mbegu zake zinaruka mpaka hapa, huu unakua kivulini, huu haukui kivulini, huu moto ukipita unachipua, huu unakufa. Halafu tunaiambia, haya, hesabu mwaka mmoja. Ikimaliza tunaiambia, mwaka mwingine. Kwa hiyo tunauona msitu utakavyokuwa kabla haujawa."

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo inapiga ramli?"

Darasa zima likacheka. Kijana naye akacheka.

"Hapana, mzee. Mpiga ramli hakwambii amejuaje. Hii ukitaka nitakuonyesha kila hesabu iliyopiga."

"Na ikikosea?"

"Ikikosea, basi sisi ndio tumeilisha vibaya."

Neno hilo la kuilisha lilinipita sikioni.

Akabonyeza. Kioo kikajaa vigae vya kijani, msitu wetu umetazamwa kutoka juu, na watu wakaguna kwa raha. Mwaka wa kwanza. Wa tano. Wa kumi. Vigae vikaanza kugeuka njano, kimoja hapa, kimoja kule, njano inakula kijani kama ukungu unavyokula mkate. Vijana wa mabanda ya video, ambao kila picha huitafutia shujaa wake, walikuwa wamejaa dirishani.

"Oya, stelingi yuko wapi?"

"Stelingi si ndiyo huo msitu!"

"Mbona anakufa mapema hivi? Rudisha mwanzo!"

Kijana kwa upole wake akarudisha mwanzo. Msitu ukawa kijani tena, watu wakapiga makofi, na vigelegele juu. Ukaanza kufa tena. Ulipofika mwaka wa arobaini palikuwa njano tupu, nyasi, na vigae vichache vya kijani bondeni. Hakuna aliyecheka safari hii.

Dada yangu akasimama. "Mwanangu, hiyo nyekundu ya pembeni ni nini?"

"Hayo ni mashamba, mama. Ni maeneo yenye shinikizo la binadamu."

"Shinikizo ndiyo nani?"

"Ndiyo… watu, mama. Wanaoingia kukata."

"Kwa hiyo hiyo nyekundu ni mie."

Watu wakacheka, na kijana akatazama chini. Bwana misitu hakutazama chini. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akasema, "Mmeona wenyewe. Msije mkasema ni maneno yangu. Kompyuta imesema miche hamna, msitu hauzai tena, kwa sababu yenu nyie wa pembeni. Msimu huu wa korosho ukiisha, kila aliye kwenye ukanda ule mwekundu awe ametoka. Msitu unapumzishwa."

Akakaa, akatoa kitambaa chake, akafuta viatu. Mbele ya watu aliowatoa makwao akafuta viatu!

Dada akanigeukia. Hakupaza sauti. "We si ulikuwa unapima nao? Hiyo miche nimeila mie?"

Hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyeilisha kompyuta vibaya. Nilijifanya nakohoa.

Nililala siku mbili bila kula vizuri, siku ya tatu nikafunga safari mpaka mjini kwenye ofisi ya mradi. Ilikuwa zamu ya mtaa ule kwenye mgao wa umeme, nyumba zote zimezimika, na nilimkuta kijana kakaa dirishani anasoma makaratasi kwa mwanga wa nje, kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyumbani kwa mtu.

"Shikamoo, mzee. Karibu, kaa."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kukuharibia kazi."

Nikamwambia yote. Kiwanda, chokaa, mgeni, sitaki aibu, fyekeo, mkongo mdogo, ufagio. Mwanzoni alikuwa anatabasamu kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hadithi ya mzee wa watu. Halafu tabasamu likakauka.

"Mlifyeka vipande vingapi?"

"Vyote."

"Vyote, mzee?"

"Viwili vya kule kwenye kinamasi tulichoka. Mbu wengi. Tulipitisha fyekeo juu juu tu, tukaondoka."

Akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekwamwa na mfupa. "Vile viwili," akasema, "ndivyo nilivyovitupa. Vilikuwa na miche mingi mno. Nikasema haviendani na vingine, lazima kuna mahali tumekosea kuhesabu."

Tukatazamana. Sijui nani alikuwa na aibu zaidi, yeye aliyesoma au mie nisiyesoma.

Namsifu kwa hili: hakunifukuza. Kesho yake alikuja Mbagala mwenyewe, tukaenda msituni wawili tu, bila bwana misitu. Nikamwonyesha nje ya kamba. Tukafunga kamba mpya mahali ambapo panga langu halikufika, tukapiga magoti siku nne, na hakuandika sifuri hata mara moja. Mikongo, mivule, mitondoro, mipingo inayokua kwa uvivu wake. Mara nyingine ilibidi anitume nirudie kuhesabu kwa sababu vidole vilichanganyikiwa. Siku ya nne alikaa chini kwenye majani, akavua buti, akasema, "Mzee, msitu huu mzima kabisa." Alisema kama daktari aliyekuwa ameshamwandikia mtu kaburi.

Tukarudi ofisini siku yenye umeme. Akailisha kompyuta namba mpya. Ilichukua muda mrefu, nikanywa chai vikombe vitatu, nikasinzia. Aliponigusa bega nikafumbua macho, kioo kiko mbele yangu. Mwaka wa kumi, kijani. Mwaka wa arobaini, kijani, njano kidogo tu juu kilimani palipowahi kuungua. Na pembeni pale mashamba yapo, la dada yangu lipo, na msitu haujali. Ndiyo maana nawaambia, kompyuta mie sina ugomvi nayo. Ililishwa uongo ikasema uongo, ikalishwa kweli ikasema kweli, siku hiyo hiyo, bila kuona haya na bila kuuliza cheo cha mtu. Nitajieni ofisi nyingine ya mjini iliyofanya hivyo.

Ugomvi wangu ni na yule aliyelipenda jibu la kwanza.

Tulimwendea bwana misitu tukiwa wawili. Alitusikiliza akiwa amesimama. Kisha akaninyooshea kidole.

"Wewe ulifyeka kwa amri ya nani?"

"Yako."

"Mie nilisema fyeka?"

"Ulisema hutaki aibu."

"Haya. Na sasa ndiyo unaniletea."

Akamgeukia kijana. "Na wewe, mtaalamu. Ripoti imeshachapwa. Ina jalada, ina picha. Wakubwa wameshasaini, wafadhili wameshapelekewa. Unataka niwaambie nini? Kwamba utafiti mzima uliharibiwa na mfagiaji? Mkataba wako unaisha lini vile?"

Kijana alikusanya makaratasi yake, tukatoka. Alimwandikia yule mzungu wake barua, na nilimsindikiza mwenyewe posta. Jibu lilikuja baada ya miezi: matokeo mapya yanafurahisha sana, na yatazingatiwa katika awamu ya pili. Awamu ya pili! Utadhani dada yangu anaweza kukunja mikorosho yake aiweke kabatini kungojea awamu.

Na nichomekee hapa jambo lililokuja baadaye, nisije nikalisahau, maana ndilo linalonichoma kuliko yote. Kati ya vitu vyote ambavyo kompyuta ile ilifundishwa, mbegu, kivuli, moto, hakuna aliyeifundisha dada yangu anafanya nini pale pembeni. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Wakata mkaa walikuwa wanatoka mbali, na misumeno, na baiskeli za kubebea magunia, na njia yao inapita mbele ya mlango wake. Akiwaona anatoka na mwiko wa ugali. "Nyie! Mnakwenda wapi na misumeno hiyo? Huo msitu wa mama yenu?" Akipiga kelele yeye, jirani wa pili anasikia, wa tatu anasikia, mpaka kijijini. Watu wazima wanageuza baiskeli. Walipotolewa wote wa ukanda mwekundu, pale pembeni pakawa kimya, na haukupita muda nikaanza kuona moshi ukipanda katikati ya msitu uliopumzishwa. Magunia yalipita barabarani mchana kweupe. Sikumsikia bwana misitu akisema tena "wananchi hao". Wakati huo alikuwa amepandishwa cheo.

Lakini narudi kwenye msimu wa korosho ulipokwisha. Alfajiri kijana alinikuta nyumbani, ameshika bahasha. Alikuwa anarudi kwao, mkataba umekwisha, hakuongezewa. Akasema anataka kumwona dada kabla hajaondoka. Nikampeleka.

Tulimkuta anang'oa mihogo ambayo ilikuwa bado haijakomaa, myembamba kama vidole vya mtoto, anatupia kwenye tenga. Makuti yameshashushwa kwenye paa upande mmoja. Alipangusa mikono kwenye khanga, akatupokea, akatutandikia mkeka, maana hata siku ile hakuacha adabu.

Nikasema, "Dada, kabla huyu hajasema, mie nina neno." Nikamwambia. Nilimwambia kwa kifupi kuliko nilivyowaambia nyie: miche niliifyeka mie, nikanyamaza mie, na walipokusema wewe nilikuwepo.

Akachukua muhogo mmoja, akaumenya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Walikwambia andaa, ukafyeka. Hawakukwambia sema, ukanyamaza. Leo nani amekwambia useme?"

"Hakuna."

"Umechelewa, mdogo wangu. Lakini hii ndiyo ya kwanza uliyofanya bila kuambiwa."

Kijana alikuwa ametoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa ile picha ya pili, ya kijani, ameichapa kwa rangi. Akaifungua mbele ya dada kwa mikono miwili. Dada hajui kusoma, lakini kijani anakijua. Aliinamia karatasi akaitazama muda mrefu.

"Huu ni msitu wetu?"

"Ndiyo, mama. Baada ya miaka arobaini. Ni mzima."

"Na mie niko wapi hapa?"

Kijana akaweka ncha ya kalamu. "Hapa. Hili ndilo shamba lako."

"Na nipo?"

"Upo, mama."

"Na msitu upo."

"Upo."

"Na wao umewaonyesha?"

"Niliwaonyesha, mama."

"Wakaona nipo, na msitu upo, na bado wakasema nitoke."

Kijana macho yalikuwa yamemjaa maji, akawa anaangalia makaburi, nadhani alikuwa hajayaona kabla. Dada akaikunja karatasi ile taratibu, mara mbili, mara nne, akairudisha ndani ya bahasha, akamtia mkononi na kumfumba vidole juu yake.

"Nenda nayo wewe, mwanangu. Mie nikiipeleka ninakokwenda watasema nimeiiba. Kaa nayo. Na popote watakapokutuma kupima, kabla hujaandika, muulize mwenye mlango."

Kisha akainuka, akarudi kwenye tuta, akashika shina la muhogo. Lilikuwa gumu. Akanitazama nimekaa pale kwenye mkeka na mikono yangu mapajani.

"Na wewe inuka ukamate huku. Au unangoja bwana misitu aje akuamuru?"

Nikainuka nikashika.